Msiwacheke Wajapani, angalieni mtihani wao

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anawacheka Wajapani eti treni ya kasi wanayo toka 1964 lakini Kiingereza kimewashinda, ushahidi wake ile orodha ya 2024 ya EF, kampuni ya kufundisha lugha inayopanga nchi kwa uwezo wa Kiingereza, iliyowaweka nafasi ya 92 kati ya nchi 116. Imeniudhi kweli. Kazi yangu ni kumsaidia mwalimu wa Kiingereza kwenye shule za huku Chiba, jirani na Tokyo, hawa watoto nawaona kila wiki, sio wazito hata kidogo. Na hiyo orodha inatokana na watu waliojiamulia wenyewe kufanya testi mtandaoni, sasa unapimaje taifa zima kwa hiyo?

Tatizo ni mtihani. Utafiti haujakosekana. Mwaka 1922 Mwingereza Harold Palmer, mtaalamu wa kufundisha lugha, aliitwa Tokyo, mwaka uliofuata ikafunguliwa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza chini yake, na mpaka anaondoka 1936 alikuwa anasisitiza mtoto asikie na aseme kwanza, kusoma na kuandika vifuate. Karne imepita! Wizara ya elimu nayo haijakaa bure, 1987 ikaanza JET, programu ya serikali ya kuleta vijana wa nje wasaidie kufundisha, 848 mwaka wa kwanza, 2011 Kiingereza kikaingia darasa la 5 na la 6, 2020 kikawa somo kamili lenye maksi na wa darasa la 3 wakaanza kuonjeshwa. Halafu mtoto huyo huyo anafika kwenye mitihani ya kuingia sekondari ya juu na chuo, na karibu kote huko hakuna anayetaka kusikia sauti yake.

Mpaka 2020 mtihani wa taifa wa kuingia chuo ulikuwa na swali la matamshi, na linajibiwa kwenye karatasi. Unapewa maneno manne, sehemu zimepigwa mstari, unachagua lipi linatamkwa tofauti, unashedi. Maksi za matamshi bila kufungua mdomo. Kusikiliza kwenyewe kumeingia 2006. Mtihani mpya ulioanza 2021 umeondoa lile swali na kusikiliza kumepewa maksi 100 sawa na kusoma, hapo nawapa haki yao, ila kuongea bado hakumo.

Sasa mwalimu ana watoto karibu 40 na wazazi wanasubiri matokeo, atatumia vipi dakika zake 50 kuwaacha wapige stori? Kuna binti mmoja wa mwaka wa tatu sekondari ya chini, juu ya kila neno la Kiingereza kwenye daftari lake kaandika kwa penseli, kwa katakana, yaani herufi za Kijapani, namna ya kulitamka. Zoezi la kupanga maneno yaliyovurugwa anapata yote. Nikamuuliza jana usiku ulikula nini, akakaa kimya, kimya kirefu, ndio ikatoka sentensi nzima isiyo na kosa hata moja. Alikuwa anaisahihisha kichwani kabla ya kuitoa, maana miaka yote hiyo kosa moja ni maksi imeondoka. Watu wanasema aibu, mara utamaduni. Hapana jamani, amefundishwa kuwa hivyo, na amefundishika vizuri sana, na inaniuma kila nikimwona.

Wizara walipojaribu kurekebisha wakaharibu. Walitaka kuingiza mitihani ya kuongea ya makampuni binafsi kwenye kuingia chuo, mtoto wa kisiwani asafiri na alipie, waziri wa elimu wa wakati huo, Hagiuda Koichi, akasema kwenye TV kila mmoja ashindane kwa kadiri ya hali yake ya maisha, nchi ikawaka, tarehe 1 Novemba 2019 mpango ukaahirishwa na 2021 ukafutwa. Afadhali. Tokyo nao toka 2022 wana mtihani wa kuongea kwa kutumia tableti, kwa wanaoingia sekondari ya juu za umma, maksi 20 kati ya 1,020, na watoto wakalalamika wanasikia majibu ya wenzao chumba kimoja. Mimi ningesema mwalimu wake ampime kwa mdomo mwaka mzima, maksi hizo ziwe na uzito kwenye kuingia chuo, na darasa ligawanywe mara mbili. Ni gharama, ndio, walipe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ule mtindo wa zamani wa kusoma Kiingereza kwa kutafsiri sentensi kwa sentensi uliwasaidia kuhamishia elimu ya nje kwenye lugha yao, ndio maana daktari wao anasomea udaktari kwa Kijapani. Na 1974 mwanasiasa Hiraizumi Wataru alisema wazi kwamba asilimia 5 tu ya watu wakijue Kiingereza kisawasawa inatosha. Sikubaliani naye ila angalau alikuwa mkweli.

Lakini hili la kusema Wajapani hawana kichwa cha lugha sitalikubali. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, vijana wanaanza na sifuri, hakuna mtihani wa Kiswahili uliowatisha toka utotoni. Niliokutana nao wanapiga Kiswahili, ngeli wanakosea, wanacheka, wanaendelea na stori. Na wamepita kwenye shule hizi hizi.