Karafuu haikaushi unyevu

Ukifungua kasha la kale Mji wa Kale, Mombasa, masika yakiisha, harufu ya ukungu hukupokea kabla hujaona kitu. Msahafu wa babu una madoa ya kahawia pembezoni na kurasa zimegandana. Ushauri hauchelewi: paka mafuta ya karafuu, ni dawa ya asili, hayana madhara.

Nusu yake ni kweli. Eujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu, huharibu utando wa chembe ya kuvu. Timoli ya taimu, mmea wa kiungo, nayo vivyo hivyo. Tena si lazima mafuta yaguse kitu, kwani mvuke wake ndani ya sanduku lililofungwa unaweza kuizuia kuvu isikue. Kwetu tuliozoea kufukiza nguo udi, wazo hili si geni. Ukikumbuka kwamba maktaba na makumbusho zilitumia kuua kuvu gesi ya oksidi ya ethilini, inayosababisha saratani, utaelewa kwa nini wahifadhi wanaigeukia mimea.

Lakini nilidondosha tone moja la mafuta hayo kwenye karatasi tupu. Likapenya hadi upande wa pili, karatasi ikang'aa kama iliyofungiwa maandazi. Wiki kadhaa baadaye harufu ilikwisha. Doa lilibaki, rangi ya chai. Tone hilo lingeangukia hati ya mkono, ungelitoaje? Mvuke nao una yake: timoli ilifukiziwa vitabu miaka mingi, ikaja kuachwa kwa kuwa hulainisha vanishi na rangi za mafuta. Si ajabu, kwani mafuta ya mimea huweza kuyeyusha rangi. Tapentaini anayozimulia mchoraji rangi zake hutoka kwenye utomvu wa msonobari.

Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa 1593 hadi 1596, ipo michoro ya Wareno ya meli na watu, kwa makaa na ngeu, udongo mwekundu, juu ya lipu. Hapo nisingeruhusu hata tone. Jiwe tupu la matumbawe, lisilo na rangi, ningekubali lijaribiwe, kipande kidogo kwanza.

Linalonikera ni kwamba mafuta yakishavukizwa, kuvu hurudi. Hushamiri unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na Mombasa huo ndio unyevu wetu wa kila siku. Msahafu ule ningeuweka kivulini penye upepo, kurasa zilizogandana nisizibandue kwa nguvu, na kasha nikalisogeza mbali na ukuta.