Korongo la nyuma ya bweni

Nilisoma HGL, yaani kombi ya historia, jiografia na Kiingereza, katika shule moja ya bweni wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Nyuma ya bweni letu palikuwa na korongo. Si mtaro, korongo hasa, refu kwenda chini kuliko mtu mzima aliyeinua mikono. Mvua zikinyesha usiku tulilisikia likivuma kama lori linalopanda mlima. Kiangazi lilikuwa maficho yetu ya kukwepa namba ya jioni.

Tukiwa kidato cha tano tukafikia mada ya mmomonyoko. Mwalimu akaandika ubaoni ‘gully erosion’, akatupa maana yake, sababu saba, athari sita na njia nane za kuzuia. Tukanakili. Kwenye jaribio nilipata themanini na kitu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kung'amua kwamba nilichokuwa nimekikariri na lile shimo nililokuwa nikijificha ni kitu kimoja: ‘gully’ ni korongo. Mpaka leo jambo hili linanitia haya.

Aliyenizindua ni mlinzi wa zamu ya usiku. Alinikuta nimejikunyata chini ya taa ya nje na daftari langu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unasoma nini saa hizi?”

Nikamwambia jiografia, habari za udongo unavyochukuliwa na maji. Akacheka mpaka akakohoa. “Udongo? Sisi hapa tuliondolewa ng'ombe wetu kwa sababu ya huo udongo!”

Akanisimulia, na nilipokuja kutafuta baadaye nikakuta mzee hakutia chumvi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Yalichimbwa makingamaji, ikapandwa miti na katani. Kisha mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa, ng'ombe, mbuzi, kondoo mpaka punda, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yakarudi. Baadaye wakaruhusiwa ng'ombe wa maziwa, wa kufungiwa zizini na kukatiwa majani. Lakini kabla ya hapo kuna watu waliolala na mifugo wakaamka hawana, na babu alikuwa mmoja wao. Mteremko, mvua, wingi wa watu, ufugaji, sera, gharama na nani anayezilipa: silabasi yote ya miaka miwili ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mlinzi, na hakuna aliyetutuma kwenda kuiuliza.

Sina ugomvi na Bonde la Tennessee la kule Marekani, ambalo tulikuwa tukilibeba vichwani tangu kidato cha tatu. Kinyume chake. Mamlaka ya bonde lile iliundwa mwaka 1933, na pamoja na umeme na kuzuia mafuriko, sehemu ya kazi yake ilikuwa kuokoa mashamba yaliyomomonyoka. Mtoto anayelijua korongo lake angeielewa Tennessee kwa nusu saa. Sisi tuliikariri kama orodha ya mahari.

Ramani nazo zilikuwa vivyo hivyo. Tulijua kwamba kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja, tukakokotoa mwinuko na kuchora mikato ya vilima kutoka kwenye kopi zilizofifia kiasi kwamba kontua, ile mistari ya mwinuko, ilibidi uzikisie. Karatasi ya ramani ya pale tulipoishi hatukuwahi kuiona. Upimaji wa ardhi kwa cheni tuliufanyia ubaoni, kwa chaki.

Najua jibu la walimu, na wana haki: darasa lina watu themanini, silabasi haiishi, hela ya safari hakuna. Ila korongo lilikuwa hatua arobaini kutoka darasani. Mimi lawama kubwa naiweka kwenye mtihani. Swali likisema eleza athari sita, aliyeona na aliyekariri wanapata alama zilezile, na aliyekariri anapata haraka zaidi. Ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha tano aandike ripoti moja ya mahali anapoweza kufika kwa miguu, ahojiane na wazee kwa lugha wanayoijua, na alama zake ziingie kwenye matokeo ya mwisho.

Wapo wanaoicheka HGL kuwa ni kombi ya walioshindwa sayansi. Jiografia hiyohiyo imo kwenye kombi za sayansi na hesabu, CBG, EGM na PGM, kwa hiyo sijui wanamcheka nani. Na si somo la mzaha: tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka kwa mvua, tope na mawe vikaingia mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hanang iko mkoa jirani na Kondoa. Maporomoko ya tope yamo kwenye daftari la kila mwanafunzi wa jiografia, pamoja na mchoro.

Tulipomaliza mtihani wa taifa, mwezi Mei, watatu tulibaki tukisubiri basi la kesho yake. Tukafungua kamba ya kuanikia nguo, tukaifunga mafundo kila mita, tukaenda kupima. Ndipo tulipoona kitu kingine kilichokuwa mbele ya macho yetu miaka yote miwili: mapaa ya mabweni hayakuwa na mifereji, na maji yote yalikuwa yamejichongea njia moja kuelekea kule nyuma. Korongo tulikuwa tukilinywesha wenyewe.

Babu alikuja na tochi, akashika ncha ya kamba ng'ambo ya huku, mwenzetu akazunguka kwenda ng'ambo ya pili. Mafundo sita na kidogo. Babu akaitazama ile kamba.

“Nilipoanza lindo hapa,” akasema, “nilikuwa naliruka.”