Udogo Haufanyi Ukoo

Wauza omena wa hapa Kisumu hawasumbuliwi na uainishaji, yaani kupanga viumbe katika makundi. Kile kiduvi kinachonaswa pamoja na omena wanakiita ochong'a, wanakitenga, kinakwenda kusagwa chakula cha kuku. Na hawakosei, maana ziwani kiduvi huyo ni wa aina moja tu, Caridina nilotica, jamaa ya kamba na kaa wa Mombasa.

Waliovuruga mambo ni wasomi. Mwaka 1785 Otto Friedrich Müller wa Denmark aliwatia krustasia (ukoo wa kamba na kaa) wadogo wa majini kapu moja, akaliita Entomostraca. Humo mlikuwa na kopepodi, mlikuwa na ostrakodi wenye gamba la pande mbili, na wengineo ambao ukiwatazama vizuri hawana undugu wa karibu. Kilichowakutanisha hasa ni udogo. Jina hilo lilidumu zaidi ya karne, na hadi leo sioni kwamba tumepona ugonjwa wenyewe wa kupanga kwa sura ya nje.

Tazama amfipodi na isopodi wa baharini, nao ni krustasia wadogo. Amfipodi amebanwa ubavuni, isopodi amelazwa bapa. Tanaidi, krustasia mwingine mdogo, naye ana vikoleo vidogo kama vya kaa, na kwa muda mrefu aliwekwa miongoni mwa isopodi. Mwanafunzi akitumia umbo hilo kutambua mnyama aliye mbele yake, sawa kabisa. Ila wote watatu hulea mayai katika mfuko ulio chini ya kifua cha mama, uliofanyizwa na vibamba vinavyoota penye mashina ya miguu. Mfuko huo wamerithi. Kwangu mimi kundi lifafanuliwe kwa urithi wa namna hiyo. Umbo la nje libaki kazi ya utambuzi.

Umbo huongopa, hasa la mnyama aliyekomaa. Wale wa magamba wanaoganda kwenye miamba na matumbo ya meli walihesabiwa pamoja na konokono na chaza mpaka mchunguzi wa wanyama John Vaughan Thompson alipowatazama wangali lava, yaani wachanga, akatangaza mwaka 1830 kuwa ni krustasia.

Ndiyo maana lile jedwali la biolojia ya sekondari linanikera: krustasia safu yake, wadudu safu yao, antena jozi mbili huku, jozi moja kule. Kwa kujibu swali la mtihani linafaa. Kama ufafanuzi limepitwa, kwani ushahidi wa jeni unawaweka wadudu ndani ya ukoo wa krustasia. Remipedia, krustasia vipofu wa mapango ya bahari waliopewa jina mwaka 1981 kutokana na mnyama wa Bahamas, wako karibu zaidi na wadudu kuliko walivyo karibu na kamba. Basi visubi wanaoinuka ziwani na kujaa kwenye taa zetu nao wamo ukooni. Mwalimu atakayeona hilo ni gumu mno kwa darasa aongeze mstari mmoja tu chini ya jedwali: hizi ni alama za kutambulia.