Noeli Yetu Inaanza Kwenye Kinu

Ukiniuliza ninachokipenda zaidi katika Noeli ya familia, sitakutajia zawadi wala nyama. Nitakutajia tarehe 24, tangu asubuhi mpaka watu wanapoanza kuoga ili waende kwenye misa ya mkesha. Siku hiyo lupango, yaani uwanja wa nyumba ya wazazi wangu huko Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, linajaa mapema. Shangazi anasugua masufuria, watoto wa yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, wanamkimbiza jogoo ambaye tayari ameshaelewa mambo, mtu fulani anapuliza makala, yaani mkaa, yaliyolowa mvua ya usiku ili mbabula, jiko lake, iwake, na Kambo, mama mzazi wa baba, ameketi chini ya mwembe akigawa kazi. Anayeingia getini anapewa kazi kabla hajapewa kiti. Awe mkwe mpya, awe mtoto aliyetoka masomoni, awe mjomba mwenye gari, ni vilevile.

Naandika haya kwa sababu naona Noeli ya namna nyingine inaingia hapa Lubumbashi. Familia inakodi ukumbi, inaagiza chakula kwa wapishi wa harusi, watu wanafika saa nane mchana wakiwa wamevaa vizuri, wanakula, wanapiga picha, wanarudi kwao. Wengine wako Likasi au Kolwezi, miji ya migodi, wanatuma pesa kwa simu pamoja na salamu, basi. Siwalaumu walio zamu kwenye migodi, maana mgodi haufungwi kwa ajili ya Noeli. Lakini anayeweza kufika na hafiki, akidhani pesa imemwakilisha, huyo nataka nizungumze naye.

Nianze na sombe. Majani ya muhogo tunayanunua soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mafungu makubwa yanayobebwa kichwani. Nyumbani yanachambuliwa, vikonyo vigumu vinatupwa, yanaoshwa, yanapitishwa kwenye maji ya moto yalegee, ndipo yanaingia kinuni. Wawili wanasimama wakikabiliana, kila mmoja na mtwangio wake. Huyu akiinua, yule anashusha. Mkishapata mwendo, kinu chenyewe kinaanza kupiga ngoma, na wanaopita barabarani wanajua kuwa kwetu watu wamefika. Baada ya hapo sufuria inakaa motoni saa nyingi. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, na ni kule kupondwa na kuchemshwa sana kunakoiondoa. Mama hakuhitaji kuambiwa habari za sianidi. Alikuta mama yake hafuniki sufuria ya sombe wala haiharakishi, naye akafanya hivyo hivyo. Mwishoni yanaingia mafuta ya ngazi, yaani mawese, vitunguu, bilinganya, samaki mkavu. Karanga za kutwanga zinatiwa kwenye sufuria ya pili, kwa sababu upande wa baba wanazitaka na upande wa mama hawazitaki, na sisi tulioolewa na kuoa kwingine tunakula zote mbili.

Najua kuna mashine sokoni zinazosaga sombe kwa dakika chache. Siku za kazi nazitumia, na zinanisaidia sana. Kwa Noeli nakataa. Mashine inaifanya sombe iwe laini kupita kiasi, zile nyuzi ndogo ambazo ulimi unazitafuta zinapotea. Lakini hata kama mashine ingeshinda mikono kwa utamu, bado ningetaka kinu, kwa sababu penye kinu ndipo watu wa ukoo wetu wanaposema yale wasiyoyasema mezani. Mwaka mmoja mtoto wa yaya, kijana wa sekondari, alikuwa anatwanga na mjomba wake. Hawakuwa wakitazamana, wote macho kwenye majani.

"Mjomba, shule sitaki tena."

"Twanga."

Wakatwanga. Baada ya muda mjomba akauliza, bila kusimamisha mkono, "Ni shule yenyewe au ni karo?"

Kumbe ilikuwa karo. Kijana alikuwa ameona mama yake anavyohangaika, akaamua mwenyewe kuwa mzigo umezidi. Jambo hilo lilimalizika palepale, kabla majani hayajawa laini, na mezani halikutajwa. Nakuuliza wewe unayetuma pesa kutoka mbali: pesa yako ingeulizaje swali lile?

Hapa lazima niseme jambo la pili, maana bila hilo ninayoyasifu yangekuwa dhuluma. Zamani kinu, mbabula na masufuria vilikuwa kazi ya wanawake peke yao. Nilikua nikiwaona mama na shangazi zangu wakifika kwenye misa ya mkesha wakisinzia kwa uchovu, huku baba na wadogo zake wamekaa kibarazani wakingojea kuitwa wale. Aliyevunja desturi hiyo ni Kambo. Mkono wake ulipoanza kuuma, hakumwita mjukuu wa kike. Alimwita kaka yangu mdogo, akampa mtwangio, akamwambia, "Njoo, baba yangu, nguvu zako unamwekea nani?" Hakuna aliyethubutu kumbishia Kambo. Tangu siku ile wavulana kwetu wanatwanga, wanachambua, wanageuza bukari, ugali wetu, ya sufuria kubwa, ile ambayo mwiko wake unashikwa kwa mikono miwili. Ndiyo maana ninaposema Noeli ipikwe nyumbani, nasema ipikwe na wote. Kama kwenu ni mama mmoja anayeungua jikoni huku wengine wanatazama mpira, basi afadhali mkodi huo ukumbi.

Noeli kwetu ni ya watoto, Bonane, yaani Mwaka Mpya, ndiyo ya wakubwa. Mtoto wa Lubumbashi anaihesabu Noeli kwa nguo. Kuanzia mwanzo wa Desemba mafundi cherehani wanafanya kazi mpaka usiku, na ukichelewa kupeleka kitambaa unaambiwa uje mwakani. Sisi tulikuwa tunashonewa wote kwa kitenge kimoja, wavulana mashati, wasichana magauni, pindo limeachwa kubwa ili nguo ikue na mtoto. Mchana wa tarehe 25 tunapita nyumba kwa nyumba, jamaa na majirani, kuonyesha nguo na kupewa biskuti na sukre, yaani soda. Kuna mwaka mshahara wa baba ulikuwa umekaa miezi mingi bila kuja. Mama alifungua sanduku lake, akatoa kitenge alichokuwa hajakivaa hata mara moja, pisi nzima ya yadi 6, akakipeleka kwa fundi. Sisi watoto hatukujua. Tulitembea mtaa mzima tukijivuna. Leo nikiona watoto wangu wanageuka mbele ya kioo, namtazama mama yangu, naye anajifanya hanioni.

Misa ya mkesha sitaieleza sana, kila parokia ina utamu wake. Ila kuna mambo mawili ninayoyangojea. La kwanza ni matoleo: watu wanacheza hadi altareni na gunia la unga, mkungu wa ndizi, kuku akipiga kelele chini ya kwapa la mzee aliyevaa suti. La pili ni kule mwanzoni, tunapowaita watakatifu na pamoja nao mababu zetu walioishi kwa moyo mnyofu. Huo ni utaratibu wa misa wa kwetu, uliokubaliwa na Roma mnamo 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na Papa Francis aliuadhimisha mwenyewe Vatikani tarehe 1 Desemba 2019. Kambo alipoambiwa kwamba Papa amesali kama sisi, alisema tu, "Amefanya vizuri."

Yeye ana sababu ya kutoishangaa serikali wala Roma. Ameiona Noeli ikifutwa kwenye kalenda. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristo, na binti wa Kambo, shangazi yetu, aliyebatizwa kwa jina la sikukuu hiyo kwa kuwa alizaliwa tarehe 25, akaandikwa kwa jina la ukoo peke yake. Mwaka 1974 serikali ikaiondoa Noeli kati ya siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Kambo anasimulia kwamba asubuhi ile mume wake aliamka, akavaa nguo za kazi, akaenda. Naye akatwanga sombe yake, akachinja kuku wake, akawaogesha watoto na kuwavisha, akangoja. Jioni mzee aliporudi, familia ilikula Noeli kwa taa ya mafuta. Baadaye siku ya mapumziko ilirudishwa, na leo ofisi zinafungwa tena. Kila nikiisikia habari hii nakumbuka kwamba sikukuu yetu ilivuka miaka ile ikiwa mikononi mwa watu waliokuwa na kinu, mbabula na watoto wa kuwavisha. Hawakuwa na ukumbi wala siku ya kupumzika.

Chakula chenyewe cha tarehe 25, basi. Kabla hatujanawa, Kambo anataja marehemu wa ukoo kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia wazazi wake mpaka kwa mtoto wa yaya aliyeondoka akiwa hajatembea. Hatusemi kitu. Watoto wanajifunza majina hayo bila kufundishwa. Binti yangu siku moja aliyataja yote akiwa anacheza, na mama akaacha alichokuwa akifanya, akamsikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo ni bukari, sombe, kuku, mbuzi kama mwaka ulikuwa mzuri, na uyoga. Uyoga ni fahari yetu ya masika: mvua ikishakolea, akina mama wanaurudisha kutoka msituni na kuupanga kando ya barabara zinazotoka mjini, mwingine wa manjano, mwingine mpana unaojaza sahani. Siku hizi misitu iko mbali zaidi, miti imekatwa kwa ajili ya makala, na bei ya uyoga inakuambia umbali huo. Maembe hatununui. Mwembe wa Kambo unatutosha.

Kisha sahani zinatoka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda karibu sawa na kinu. Watoto wanatumwa na sahani zilizofunikwa kitambaa, nyumba hii na ile, bila kuuliza nani anasali wapi. Jirani yetu wa upande wa kulia ni Mkimbangu, muumini wa kanisa lililotokana na mhubiri Simon Kimbangu. Wakimbangu wanaadhimisha Noeli tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana, mtoto wa Kimbangu. Basi Desemba sisi tunampelekea sombe, na Mei, wakati mvua zimekwisha na baridi ya kiangazi inaanza, mtoto wake anabisha hodi na sahani ileile, ndani kuna wali na nyama. Watoto wangu wanaamini kila nyumba ina Noeli mbili. Sijawasahihisha.

Kwa hiyo yaya, wewe wa Kolwezi, na wengine wenye mpango wa kutuma pesa mwaka huu: tumeni, unga na mafuta vitanunuliwa, hatukatai. Lakini njooni. Barabara ni kama kilomita 300, ina malori ya madini tangu mwanzo mpaka mwisho, na mvua ya Desemba mnaijua, kwa hiyo ondokeni tarehe 23 asubuhi, msingoje 24 mchana mkafika chakula kimeshaiva. Nguo za watoto wenu fundi ameshapima kwa kukisia, mtarekebisha pindo hapa. Na mwaka huu kutwanga ni zamu ya mashemeji. Kambo ameshapanga nani atasimama na nani.