Muda unaookolewa na terminali uko wapi hasa?

Usiku mmoja seva yetu ilianza kuwarudishia wateja kosa namba 500 (yaani hitilafu ndani ya seva yenyewe), na faili la kumbukumbu zake lilikuwa limefika gigabaiti 3. Mwenzangu alijaribu kulifungua kwa kihariri cha kawaida, kompyuta ikaganda. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri badala ya kubofya, nikaandika mstari huu:

grep ' 500 ' access.log | cut -d' ' -f1 | sort | uniq -c | sort -rn | head

Yaani: chambua mistari yenye 500, chukua anwani ya IP (namba ya kompyuta iliyotuma ombi) peke yake, zipange, hesabu zinazofanana, zipange tena kuanzia iliyojirudia zaidi, nioneshe kumi za juu. (Itaokota pia mistari ambayo 500 ni ukubwa wa jibu, lakini kwa dharura inatosha.) Haikupita dakika tukaiona anwani moja iliyokuwa ikitutwanga maombi mfululizo.

Kile kijistari cha wima kinachounganisha amri, yaani bomba, ni wazo la Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, na Ken Thompson ndiye aliyelitia ndani ya mfumo endeshi wa Unix mwaka 1973. Zana ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, zikipokezana maandishi. Hadi leo sijaona dirisha lenye vitufe linaloweza kujibu swali ambalo mtengenezaji wake hakuliwazia.

Lakini hoja inayorudiwa sana na wapenzi wa terminali, kwamba vidole vina kasi kuliko kipanya, siikubali. Kubofya mara mbili ndani ya VS Code, kihariri cha msimbo, mara nyingi ni haraka kuliko kukumbuka amri ya Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, yenye vipengele vitatu vya ziada. Muda unaookolewa uko kwenye kurudia. Amri ni maandishi: unaihifadhi, unamtumia mwenzako kwa WhatsApp, unaiweka kwenye skripti, yaani faili la amri, ijiendeshe saa nane usiku wewe umelala. Mibofyo haitumiki hivyo. Utapiga picha za skrini, utaelekeza "bonyeza pale juu kulia", na toleo jipya likija kitufe kimehamishwa.

Upande wa pili una uzito wake, na tunaoipenda terminali huwa tunaupita haraka. Amri haikuulizi mara mbili. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya watu mtandaoni, akiwa amechoka usiku, alikusudia kufuta folda ya hifadhidata kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alisitisha baada ya sekunde moja au mbili. Katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala za kila siku zilikuwa hazifanyi kazi bila mtu kujua, na data ya saa sita hivi ikapotea moja kwa moja.

Kuna hasara nyingine isiyotangazwa. Skripti aliyoiandika mtu mmoja, yenye mistari ya sed (amri ya kuhariri maandishi) isiyosomeka, humfaa yeye tu. Siku akiondoka kazini, timu nzima inaiogopa. Muda aliouokoa yeye mwaka mzima wanaulipa wenzake kwa wiki moja. Na wapo vijana wanaomaliza siku nne wakipamba rangi za terminali kabla hawajajua hata kutafuta amri za jana kwa Ctrl+R.

Kwa hiyo mimi nagawa kazi. Kulinganisha matoleo mawili ya msimbo yaliyogongana, au kufuata hitilafu hatua kwa hatua, nafungua dirisha. Macho yanahitaji nafasi na rangi. Kazi ikinijia mara ya tatu kwa sura ile ile, naiandikia skripti, na juu yake naeleza kwa sentensi mbili inafanya nini ili mwenzangu asibahatishe. Seva ya wateja nimeipa jina jekundu kwenye kila mstari wa terminali. Na kabla ya kufuta kwa rm, naandika kwanza ls, amri ya kuorodhesha faili, nikitaja mahali pale pale, nasoma majina ya faili moja moja, ndipo nabadilisha hilo neno moja.