Ruzuku ya dharura Kigoma: tuanze na laini ya simu ni ya nani

Janga jingine likija, Kigoma itamlipaje mtu ambaye riziki yake imekatika ghafla? Korona ilipoingia mwaka 2020, Uingereza ililipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyekosa kazi ya kufanya, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Marekani ilituma dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto. Mifano hii hupendwa sana mijadalani, ila kwa mama anayeanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, haifui dafu. Hana hati ya mshahara wala mwajiri wa kumsemea. Hata NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, humlipa aliyechangia.

Wa kumuiga ni Togo. Aprili 2020 iliwalipa watu wa sekta isiyo rasmi kwa simu, ikitumia daftari la wapiga kura, ambalo lilikuwa limehuishwa karibuni na linaonyesha kazi ya kila mtu. Mwanamke alipewa faranga 12,250 kwa mwezi, mwanaume 10,500. Mimi naona ni hesabu ya haki.

Kwetu daftari lililopo ni la TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha hujazwa dodoso. Linamnasa maskini wa miaka yote, lakini mchuuzi wa vitenge anayevuka kwenda Burundi halimoni. Huyo anakuwa maskini siku ambayo mpaka unafungwa. Kwa hiyo kila mtaa uwe na orodha ya pili, ya kazi: waanikaji, wachuuzi, bodaboda, mabaharia wa mitumbwi. Wavuvi waandikishwe wakati wa mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Ukienda siku za giza utaandika wake zao tu.

Pagumu zaidi ni simu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na mkoa wa mpakani kama huu uraia huchunguzwa sana, namba inachelewa. Matokeo yake mama anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au kaka. Ukituma pesa huko, akaunti ni ya mwenye jina, na anaweza kuidai. Asiye na NIDA atambuliwe kwa kadi ya mpiga kura mbele ya mtendaji wa mtaa, alipwe taslimu mkononi.

Kwa wazazi kuna jambo moja. Sehemu ya ruzuku ya TASAF hufuata mahudhurio ya mtoto shuleni. Machi 17, 2020 shule zilifungwa, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kanuni iandikwe mapema: shule zikifungwa, sharti lihesabiwe limetimizwa.

Kiwango? Ajira za muda za TASAF zimekuwa zikilipa shilingi 3,000 kwa siku; siku kumi ni 30,000. Ni kidogo, lakini kinajulikana na hakihitaji kamati. Ada ya kutoa iongezwe juu yake. Tena mitaa ipangiwe siku tofauti, Kibirizi Jumatatu, Katonga Jumanne, maana wakala hana taslimu ya kulipa watu mia asubuhi moja, na foleni ya watu mia wakati wa janga kama korona ni balaa jingine.