Maziwa ya dumu: tupige marufuku au tufundishe?

Dumu la njano la lita 20 lina mdomo mdogo, mkono wa mtu mzima haupiti. Mchuuzi akitaka kuliosha hutia maji ya moto na sabuni, pengine na kokoto kidogo, akalitikisa, akamwaga. Ndani ya mshikio wake hakuna brashi iliyowahi kufika. Alfajiri linajazwa maziwa, linafungwa nyuma ya bodaboda, safari inaanza. Mimi mjadala wa maziwa mabichi ningeuanzia kwenye mshikio huo. Wenzangu wengi huuanzia kwenye marufuku.

Wanaotaka marufuku hawana hoja nyepesi. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya magonjwa: brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, salmonela na aina hatari za E. koli. Kiwandani, nyuzi 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuwaua, kisha maziwa yanapozwa haraka. Kasoro ikigundulika, pakiti zina namba na zinaweza kurudishwa. Kwenye dumu, maziwa ya nyumba kumi yameshachanganyika. Ng'ombe mwenye ugonjwa utamjuaje?

Upande wa pili unajibu kwamba wanywaji wengi huyachemsha kwanza, maana yanaingia kwenye chai. Maziwa ya pakiti ni ghali, na kwa mfugaji wa ng'ombe wawili mchuuzi ndiye anayeleta pesa taslimu kila siku. Ndiyo maana rasimu ya kanuni za maziwa nchini Kenya, mwaka 2019, iliyotaka kubana uuzaji wa maziwa mabichi, ilizua kelele kubwa. Na kiwanda nacho si malaika: mlipuko wa listeria, bakteria anayeingia kwenye chakula, huko Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, uliua watu zaidi ya 200, na chanzo kilikuwa soseji za poloni za kiwandani.

Lakini hilo la "sisi tunachemsha" lina tundu. Bakteria aina ya stafilokoko, anayetoka kwenye kiwele kilichovimba au mikononi mwa mkamuaji, akikaa saa kadhaa kwenye maziwa ya vuguvugu hutoa sumu. Moto unamuua yeye, sumu inabaki. Sufuria ikichemka saa nne asubuhi, madhara yanaweza kuwa yameshafanyika tangu saa mbili. Sijataja bado mtindi unaogandishwa bila kuchemshwa, ambao hautagusa moto kabisa.

Kenya iliwahi kujaribu njia ya katikati: miaka ya 2000, baada ya utafiti ulioihusisha taasisi ya mifugo ya ILRI, wachuuzi walianza kufundishwa usafi na kupewa leseni badala ya kukimbizwa. Naiunga mkono njia hii, ila ina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. Mchuuzi msafi na mchuuzi mchafu wanalipwa bei ileile. Somo la siku chache halishindani na hesabu hiyo.

Kumpima mchuuzi si kazi ngumu. Changanya maziwa kidogo na alkoholi kwa kipimo sawa; yakiganda, yameanza kuchachuka. Mnunuzi wa jumla anayepima hivyo mlangoni, akamwongezea shilingi kadhaa kwa lita yule aliyeleta mazima, ana nguvu kuliko askari wa barabarani. Bila nyongeza hiyo sioni kwa nini mtu anunue keni ya alumini: ni ghali, nzito, na haikai vizuri kwenye bodaboda. Faida yake ni kwamba mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko.